Je, Wajua? Shamba la mpunga huharibiwa makusudi

Mkulima wa mahindi hutaka udongo mwepesi unaopitisha maji. Wa mpunga hutaka kinyume chake. Katika skimu ya Lower Kuja, Nyatike, kaunti ya Migori, maji ya Mto Kuja huachiliwa majarubani, udongo uliolimwa ulowe, kisha uvurugwe hadi uwe uji mzito. Watanzania huita kazi hiyo kuchavanga. Chembe laini za mfinyanzi huziba vitundu vya udongo, na chini hujitengeneza tabaka gumu linalozuia maji yasizame. Yaani unatengeneza beseni bila saruji.

Udongo mweusi wa nyanda zilizo kando ya Ziwa Viktoria unaifaa kazi hiyo, ingawa ni mkaidi: ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu, ukilowa hunata jembeni. Nyufa hizo zisipofungwa, maji hupotelea ardhini.

Baada ya hapo ni kusawazisha, na hapa ndipo wengi hulegea. Hakuna haja ya kipimo cha fundi. Maji yenyewe husema. Kichuguu kikichomoza juu ya maji, magugu yatakiwahi. Palipo na shimo, miche michanga itazama.

Upande wa Homa Bay, mradi wa Kimira-Oluch hupata maji kutoka mito ya Awach Kibuon na Awach Tende. Huko pia, anayetaka mpunga huanzia kwenye matope.