Mashine Imshikiapo Mchezaji Karata: Ushauri Wake Una Thamani Gani?

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa juu laonekana la mchezo tu: pale mashine ya karata inapomchagulia mchezaji karata za kushika na za kutupa, huwa inachagua vizuri kiasi gani? Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ametokea wapi na hesabu za kamari. Jibu ni kwamba hesabu hizi zimekuwa zikifafanuliwa zaidi kwa lugha nyingine, ilhali simu zenye michezo hii zimo mikononi mwa vijana wanaozungumza Kiswahili kuanzia Mombasa hadi Mandera.

Tuanze na Garissa, maana huko upo mchezo unaotusaidia kuliona suala lenyewe. Chini ya miti, wazee wa Kisomali hucheza shax (herufi x hapo husomwa kama ha nzito ya Kiarabu). Miraba mitatu huchorwa mchangani, mmoja ndani ya mwingine, ikaunganishwa kwa mistari. Kila mchezaji huwa na kete 12, nazo huijaza nafasi zote 24 kabla ya kete kuanza kuondolewa na kusogezwa. Anayepanga kete tatu katika mstari mmoja amepata jare, na humwondolea mwenziwe kete. Wanaotazama nao hawanyamazi. Mmoja atanong'ona, mwingine ataonyesha kwa kidole. Mnong'onaji huyo anaweza kuwa hodari au mbumbumbu, lakini hana anachopata mchezaji akishindwa. Aidha, hakuna kilichofichwa: kete zote ziko wazi. Mashine ya karata nayo hunong'ona, lakini mnong'onaji huyu ameajiriwa na mwenye meza.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane msamiati, kwani tunao. Wasomali huziita karata turub. Kiswahili nacho kilirithi majina ya aina nne za karata kutoka kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pao. Karata za picha huitwa mzungu wa pili (malkia), mzungu wa tatu (ghulamu) na mzungu wa nne (mfalme). Mpangilio huu humshangaza anayejua karata za Kiingereza, ambako malkia humzidi ghulamu. Hata hivyo, katika sueca, mchezo wa Kireno, malkia huhesabiwa alama 2, ghulamu 3 na mfalme 4, sawasawa na majina yetu. Karata ya moja ni ree. Kwa hiyo anayedai kwamba poka haielezeki kwa Kiswahili hajatafuta.

Poka ya mashine ilishika kasi Nevada, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mashine humgawia mchezaji karata tano kutoka seti ya 52. Yeye hushika azitakazo, hutupa zilizosalia, naye hupewa nyingine badala yake, mara moja tu. Kisha jedwali lililo kwenye kioo huamua malipo. Kwa kuwa kila karata ama hushikwa au hutupwa, kila mgao una njia 32 za kuuchezea. Akishika mbili na kutupa tatu, karata zitakazokuja zinaweza kuwa mojawapo ya mafungu 16,215. Binadamu hawezi kuyahesabu hayo akiwa amekaa kwenye kiti. Mashine huyahesabu kufumba na kufumbua. Hapo ndipo kilipozaliwa kipengele cha kujishikia: mara tu karata zinapogawiwa, mashine huziwekea alama zile inazopendekeza zishikwe, na mchezaji ana hiari ya kukubali au kubadilisha.

Ubora wa pendekezo hilo hutegemea aliyeiandika programu. Ipo programu sahili inayoshika kile ambacho tayari ni kitu: jozi, tatu za namba moja, na kadhalika. Ipo nyingine inayopima njia zote 32 na kuchagua yenye wastani mkubwa wa malipo. Kwa macho ya mchezaji hazitofautiani, lakini kwa mfuko wake zinatofautiana.

Chukua mfano. Mchezaji amegawiwa tano ya uru, pamoja na mbili, tano, saba na tisa za kopa. Programu sahili itashika jozi ya tano. Katika jedwali la kawaida linalolipa kuanzia jozi ya mzungu wa tatu, jozi ndogo kama hiyo hurudisha wastani wa takriban 0.82 kwa kila shilingi moja iliyowekwa. Lakini akiitupa ile tano ya uru na kushika kopa nne, karata 47 zimebaki na 9 kati yake ni kopa. Karata tano za aina moja hulipa mara 6. Basi 54 kugawanya kwa 47 ni 1.15. Mashine iliyoshika jozi imemnyima mchezaji thuluthi nzima ya shilingi.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Ana kumi, mzungu wa tatu, wa pili na wa nne, zote za kopa, na nne ya kopa. Tayari amepata malipo mara 6, na mwoga yeyote angetulia hapo. Akiitupa ile nne, ree ya kopa italipa mara 800 (iwapo ameweka dau la juu kabisa), tisa ya kopa mara 50, kopa sita zilizobaki mara 6 kila moja, ree tatu na tisa tatu za aina nyingine mara 4, na wazungu tisa mara 1. Jumla ni 919. Gawanya kwa 47 upate 19.55. Ni kweli kwamba mara nyingi atapoteza zile sita alizokuwa nazo. Hesabu ya wastani haimwahidi mtu chochote usiku wa leo.

Je, programu iliyo bora kabisa humfanya mchezaji ashinde? Hapa ndipo penye kiini cha suala. Katika jedwali linalolipa mara 9 kwa tatu pamoja na jozi, na mara 6 kwa tano za aina moja, uchezaji usio na kosa hurudisha asilimia 99.54. Mwenye mashine akipunguza malipo hayo yawe 8 na 5, uchezaji huohuo bora hushuka hadi asilimia 97.30. Mnong'onaji hajabadilika, bei ndiyo iliyobadilika, na haikutangazwa kwa sauti. Isitoshe, kujishikia huharakisha mchezo. Tuseme mtu huweka shilingi 10 kwa mgao, migao 300 kwa saa, kwenye jedwali hilo la pili: atapoteza wastani wa shilingi 81. Mashine ikimfanyia uchaguzi akafikisha migao 600, hasara ni 162, bila kosa hata moja.

Katika simu za Wakenya, ndugu wa kipengele hiki wamo ndani ya mchezo wa kindege, Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019. Kindege hupaa, kizidisho hukua, na anayechelewa kutoa pesa kabla hakijatoweka hupoteza dau. Mchezaji anaweza kuiagiza programu imtolee pesa kizidisho kikifika kiwango fulani. Kampuni hutangaza marejesho ya asilimia 97. Kwa kiwango hicho, anayeagiza kizidisho cha 2 atafaulu takriban mara 48.5 katika 100. Anayeagiza 10, mara 9.7. Zidisha: zote mbili ni 97. Tofauti na poka, hapa hakuna agizo bora wala baya, na wanaouza siri za kiwango cha kuagiza huuza hewa.

Garissa, ambako wakazi wengi ni Waislamu, kamari ni haramu, na kwa mwenye kushikamana na hukumu hiyo asilimia hizi hazina la kumwongezea. Zinamhusu zaidi yule kijana aliyekwisha kuweka dau huku akiamini kwamba alama zinazowaka juu ya karata zake ni rafiki anayemwombea heri. Kwa upande wa lugha, napendekeza tuseme kipengele cha kujishikia badala ya kukopa jina la kigeni, kwani kitenzi hicho hueleza bayana kwamba mwenye kushika ni mashine.