Flashi Ikikataa Kufunguka, Usikimbilie Kufomati

Makataa ya kutuma maombi ya basari yanapokaribia, saiba hujaa wazazi na wanafunzi wenye flashi mkononi. Ndani ya kifaa hicho kidogo mna barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, matokeo ya mtihani na fomu iliyojazwa tayari. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana anayetafuta kazi, mfanyabiashara anayewania zabuni na katibu wa kikundi anayetunza hesabu za wanachama. Flashi inachomekwa, lakini badala ya faili kuonekana, kompyuta inaleta ujumbe wa Kiingereza unaosema kuwa ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika.

Hapo ndipo wengi hupoteza stakabadhi zao. Mara nyingi faili huwa bado zimo, ila mtu hukubali kufomati kwa sababu kompyuta imemwambia afanye hivyo.

Kwa nini kompyuta haioni faili

Flashi hufanya kazi kama masjala. Faili zimepangwa kwenye rafu, na mlangoni pana rejista inayoonyesha kila faili iko rafu gani. Rejista ikiraruka, karani hawezi kupata chochote, ingawa faili zote bado ziko mahali pake.

Rejista ya flashi huharibika hasa mtu anapoichomoa wakati kompyuta bado inaandika, stima inapokatika ghafla, au virusi vinapoingia. Kufomati ni kufungua rejista mpya tupu na kutangaza kwamba rafu zote ni wazi. Kufomati kwa haraka huacha faili nyingi za zamani hadi zitakapoandikwa nyingine juu yake. Kufomati kikamilifu kwenye Windows za sasa hufuta rafu zenyewe. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni moja: okoa faili kwanza, tengeneza flashi baadaye.

Hatua za kwanza

1. Ujumbe wa kufomati ukitokea, bonyeza "Cancel". Usihifadhi kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo.

2. Badilisha tundu la USB. Kwenye kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa kuwa yameunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Usipitishe flashi kwenye kigawanyio kinachoongeza matundu, kwani huenda umeme hautoshi.

3. Pangusa ncha ya flashi kwa kitambaa kikavu na laini. Vumbi na kutu huzuia mguso. Usitumie maji, pini wala wembe.

4. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine moja au mbili. Ikifunguka, nakili kila kitu papo hapo kabla ya kufanya jambo lingine.

Soma dalili kabla ya kutibu

Flashi ikiendelea kukataa, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, kisha uchague "Disk Management". Dirisha hilo huorodhesha diski zote, hata zile zisizoonekana kwingine. Kuangalia tu hakudhuru faili.

*Flashi ipo lakini haina herufi.* Kila diski hupewa herufi kama E au F. Flashi ikionekana na ukubwa wake bila herufi, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Change Drive Letter and Paths", halafu "Add". Faili haziguswi, na mara nyingi tatizo huishia hapo.

*Pameandikwa RAW.* Maana yake ni kwamba rejista haisomeki. Programu ya PhotoRec, ambayo hupatikana bila malipo, hutafuta faili moja kwa moja kwenye rafu. Hifadhi faili zilizookolewa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyo hiyo, la sivyo zitaandikwa juu ya zile ambazo hazijapatikana. PhotoRec hairudishi majina ya faili, hivyo itabidi kufungua moja baada ya nyingine ili kuzitambua. Ukimaliza kuokoa, sasa flashi inaweza kufomatiwa.

*Pameandikwa "No Media", au flashi haionekani kabisa.* Ikiwa ni hivyo kwenye kompyuta tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kifaa chenyewe kimekufa. Hapo programu haitasaidia, na hakuna haja ya kulipia. Fundi mwenye vifaa vya kufungua flashi ndiye anayeweza kujaribu.

*Folda zimegeuka kuwa njia za mkato.* Hii ni kazi ya virusi vinavyosambaa sana kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Faili zimefichwa tu. Usibofye njia hizo, kwani kila mbofyo unaweza kuendesha virusi. Kagua flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kama Microsoft Defender ambayo huja na Windows. Kisha fungua "Command Prompt" na uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Njia za mkato zilizobaki zifutwe.

*Flashi ilitumika kwenye kompyuta ya Apple.* Huenda ilifomatiwa kwa mfumo ambao Windows haiufahamu. Irudishe kwenye kompyuta ya Apple na unakili faili huko. Flashi itakayotumika kwenye aina zote mbili ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT.

Baadhi ya mafundi hukimbilia amri ya chkdsk. Amri hiyo hurekebisha rejista iliyoharibika kidogo, lakini haifanyi kazi kwenye flashi iliyoandikwa RAW, na huweza kuacha faili zikiwa vipande vipande. Itumiwe baada ya faili kunakiliwa.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Flashi yenye kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nambari ya KRA inatosha kwa mtu mwenye nia mbaya kujifanya mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu kuzilinda, lakini tahadhari ya kwanza ni ya mwenye flashi. Kubalianeni bei kabla ya kazi kuanza, na mwambie fundi waziwazi kwamba flashi isifomatiwe. Ikiwezekana, kaa naye. Kazi ikiisha, hakikisha nakala zako zimefutwa kwenye kompyuta yake.

Kinga

Kabla ya kuchomoa flashi, bofya alama yake chini upande wa kulia wa skrini na uchague "Eject". Subiri kompyuta ikuruhusu.

Jihadhari na flashi zinazodaiwa kuwa na nafasi kubwa mno kwa bei ya kutupa. Baadhi zimechezewa ili zionyeshe nafasi zisizokuwa nayo, na ile halisi ikijaa, faili mpya hupotea. Programu ya H2testw hupima nafasi halisi, na ni vyema itumiwe flashi ikiwa bado tupu.

Zaidi ya yote, flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Stakabadhi muhimu ziwe na nakala nyingine mbali nayo: kwenye kompyuta, kwenye baruapepe yako mwenyewe au kwenye Google Drive. Katibu wa kikundi awe na mwenzake anayetunza nakala ya pili, maana hesabu hizo ni mali ya wanachama wote. Anayetuma maombi naye aifungue flashi yake siku mbili au tatu kabla ya makataa, ili ikikataa, apate muda wa kuokoa faili badala ya kubonyeza kitufe kwa haraka.