Injini au Giaboksi? Namna ya Kuyatambua Maradhi ya Gari Kuukuu

Je, wajua ya kuwa gari lenye giaboksi ya otomatiki, linapoondoka mahali liliposimama, haliondoshwi na chuma kilichoshikana na chuma, bali na oili? Baina ya injini na giaboksi yake pamewekwa chombo cha mviringo, ambacho mafundi hukiita toki konveta, na ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyotazamana bila ya kugusana: la kwanza huzungushwa na injini, nalo huirusha oili kwa nguvu, na la pili huupokea mrusho huo, likazunguka na kuzizungusha gia. Aliyeibuni hila hii ni mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyeipatia hataza mwaka 1905, wala fikira zake hazikuwa juu ya magari hata kidogo. Alikuwa katika kiwanda cha merikebu cha Vulcan, mjini Stettin, akitafuta njia ya kuiunganisha turbini ya mvuke, iendayo mbio mno, na rafadha ya merikebu, itakiwayo kwenda polepole. Mwaka 1948 kiwanda cha Buick cha Marekani kikaitia hila hiyo katika magari yake kwa jina la Dynaflow, na tangu hapo ikaenea duniani kote.

Nimetanguliza habari ya oili hiyo kwa sababu humo ndimo utata mwingi wa gari kuukuu unamoanzia. Maadamu injini na giaboksi zimeunganishwa kwa kitu laini namna hiyo, taksiri ya mmoja yaweza kabisa kuonekana kuwa ni ya mwenziwe. Dereva huhisi gari likitetema na kusitasita kilimani, akayakini kwamba giaboksi imekwisha. Fundi mwenye haraka huafiki rai yake, giaboksi ya mtumba ikanunuliwa na kufungwa, na mtetemo ukabaki pale pale, kwa kuwa tangu awali ulikuwa ni wa plagi moja mbovu. Mwenye gari la thamani kubwa huenda akaistahimili hasara hiyo; lakini mwenye gari la bei rahisi, ambalo giaboksi moja pamoja na ujira wa kuifunga huweza kula sehemu kubwa ya bei aliyolinunulia, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Kwa hiyo swali la kwanza si kifaa gani kibadilishwe, bali ni ipi kati ya hizo mbili iliyo mgonjwa.

Na tutwae kwa mfano gari lijulikanalo sana katika Afrika ya Mashariki, Toyota Corolla ya namba 110, iliyotoka Japani mwaka 1995, na injini yake ya 5A-FE, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama zifanyavyo Kenya, Uganda na Tanzania, na usukani wa magari yake uko kulia, basi gari lililokwisha kutumika huko lilishushwa Mombasa au Dar es Salaam likiwa tayari kwa barabara zetu. Leo hata lile lililotengenezwa mwisho katika aina hiyo limepita umri wa miaka 20, na lingali likiuzwa kutoka mkono hadi mkono.

Uchunguzi wa gari kama hili huanza kabla ya ufunguo kutiwa, nao hutaka injini iwe baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha na kulipasha moto kabla ya mnunuzi kufika amemnyima sehemu kubwa ya ushahidi. Chomoa kijiti cha oili ya injini uitazame: oili nyeusi si aibu, kwani ni alama ya kazi, bali oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya kuwa maji yameingia, na aghalabu yameingia kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Fungua kifuniko cha rejeta, ikiwa baridi tu, kwa maana maji yake yakiwa moto hukaa chini ya shinikizo na huweza kumbabua mtu uso. Uangalie kama pana utando wa mafuta juu ya maji. Kisha mtu mmoja awashe, na mwingine asimame nyuma penye bomba la moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao una habari mbili: ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakoma, yamkini sili za valvu zimechakaa, ukitoka kila dereva akanyagapo mafuta, ringi za pistoni ndizo za kutuhumiwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi kadiri ya hewa. Mvuke mwembamba mweupe wa asubuhi ni unyevu tu, wala haudhuru. Lakini moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, na wenye harufu ya utamu, ni kulanti ya rejeta inayounguzwa ndani ya silinda.

Baada ya moshi hufuata mngurumo. Injini ya miondoko minne, ile aliyoiunda Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, hufanya kazi zake kwa zamu: huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha huutoa moshi, na katika 5A-FE zamu ya kuwaka huanza silinda ya 1, ikaja ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Silinda moja ikiikosa zamu yake, gari humisi, na mtetemo wake huweza kumfanya mtu adhani giaboksi inapigapiga. Kuitambua silinda hiyo hakutaki fedha. Injini ikiunguruma, fundi huuchomoa waya wa nozeli ya silinda ya kwanza, akaurudisha, akaenda ya pili, na kuendelea hivyo: penye kuzidi kuharibika mngurumo, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, pasipobadilika kitu, hapo ndipo penye maradhi. Huchomoa waya wa nozeli, si wa plagi, kwa kuwa umeme wa plagi hufika maelfu mengi ya volti. Kisha plagi ya silinda mbovu hubadilishwa na ya jirani yake. Maradhi yakihama pamoja na plagi, dawa ni plagi, na dukani bei yake ni ndogo.

Yasipohama, wala waya wala nozeli zisionekane na kosa, ndipo kinapotolewa kipimo cha kompresheni. Plagi zote huchomolewa, petroli na umeme wa plagi hukatwa, kipimo kikaingizwa katika tundu la plagi, na mwenzake fundi akakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku akizungusha stata. Mshale hupanda kwa hatua, na injini ya petroli iliyo nzima aghalabu hufika baina ya paundi 150 na 190 kwa inchi ya mraba. Na la maana kuliko kiasi chenyewe ni kuwa silinda zote zilingane, zisipitane kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi au karibu yake. Iliyopungua hutiwa kijiko cha oili kwa tundu lile lile, ikapimwa tena. Mshale ukipanda, oili imeziba pengo la ringi, basi ringi ndizo zilizochakaa. Ukikaa pale pale, upepo unapitia kwenye valvu au gasketi, ambako oili ile haifiki. Kwa kijiko kimoja cha oili mtu amejua kama kazi iliyopo ni ya kuishusha injini nzima au ni ya kufungua hedi peke yake.

Giaboksi nayo ina uchunguzi wake. Katika Toyota hizi gari huendeshwa kwanza mpaka oili ya giaboksi ipate moto. Kisha, injini ikiunguruma na breki imekanyagwa, mkono wa gia hupitishwa katika kila gia na kurudishwa P, ndipo kijiti kisomwe. Oili nzima ni nyekundu na safi. Ikiwa ya kahawia nzito yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zimekwisha kuungua, na kubadilisha oili hakutazifufua. Ikiwa na rangi ya waridi yenye maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipozeo cha oili. Ikiwa imepungua tu, iongezwe ile aina iliyoamriwa na kiwanda, kisha itafutwe inakovujia, kwani giaboksi hukamata gia kwa nguvu ya oili hiyo, nayo huteleza ikikosa. Kisha gari likiwa limesimama, toa N utie D: likamate katika muda wa kiasi cha sekunde 1.2, na kwa R kiasi cha 1.5. Kuchelewa zaidi ya hapo ni udhaifu wa shinikizo au wa klachi. Kishindo kikubwa wakati wa kutia R, ilhali oili ni safi na haikupungua, kwanza kitafutwe katika maunting za injini, kwani mpira uliokatika huiacha injini iruke, na lawama ikaiangukia giaboksi bure.

Barabarani maradhi ya injini na ya giaboksi hupambanuka waziwazi. Dereva akikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda lakini mwendo usifuate, giaboksi inateleza. Mshale ukitetema na nguvu ikakatika, injini ndiyo inayomisi. Pana mtetemo mmoja uwadanganyao hata mafundi wazoefu, nao hutokea katika mwendo wa kiasi cha kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kama gari linalopita juu ya matuta madogo madogo. Ndani ya toki konveta mna klachi ambayo, mwendo ukitulia, huyafunga yale magurudumu mawili yazunguke pamoja ili petroli isipotee bure. Ikichakaa hutetema mfano wa injini inayomisi. Kuipambanua ni kwa unyayo: katika barabara tupu, mafuta yakiwa yamekanyagwa vile vile, breki iguswe kidogo sana, na klachi ile huachia mara moja. Mtetemo ukikoma, kosa liko katika konveta. Ukiendelea, rudi kwenye injini.

Kompyuta ya gari nayo huyatenga mashitaka hayo. Katika Toyota nyingi za miaka ile mna kisanduku chini ya boneti chenye vitundu vya TE1 na E1. Vikiunganishwa kwa kipande cha waya, na ufunguo ukiwa umefunguliwa bila ya kuwasha, taa ya injini huhesabu namba za makosa yake kwa kumetameta, na katika giaboksi zenye kuongozwa na kompyuta taa ya O/D OFF huhesabu za kwake. Magari yauzwayo Marekani tangu matoleo ya 1996 yalilazimishwa kuwa na tundu moja la OBD-II lenye pini 16, ambamo P0301 ni kumisi kwa silinda ya kwanza, na P0700 ni habari kwamba giaboksi ina lalamiko. Walakini namba huonyesha mahali palipotokea jambo, haisemi ni kifaa gani kinunuliwe. Anayenunua kifaa kwa kuisoma namba peke yake amebahatisha.

Katika gereji zetu tumezoea kulipia kifaa na mikono iliyokifunga, na fundi aliyeshinda asubuhi nzima akipima bila ya kubadilisha kitu huonekana hakufanya kazi. Hiyo ni ghalati, nayo huwagharimu zaidi wale wenye uwezo mdogo. Kutambua ni kazi kamili yenye haki ya ujira wake, na fundi anayejua kuwa atalipwa kwa kupima hana haja ya kuuza giaboksi ili apate riziki. Basi anunuaye gari kuukuu na ampeleke fundi wa namna hiyo kabla ya kutoa fedha, ampe ujira wake kwa ukamilifu, na akiambiwa aliache, aliache.