Ulitumia Shilingi Ngapi?

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii akitumwa Sotik, nchini Kenya, kwa mafunzo ya nyanjani, hubeba mkobani karatasi yenye maswali 10. Maswali hayo huitwa AUDIT. Shirika la Afya Duniani lilianza kuyaandaa mwaka 1982, yakajaribiwa kwa wagonjwa wa nchi 6: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Meksiko na Norwe. Kwa hiyo Kenya haikuletewa kipimo hiki kikiwa kimeshaiva. Ilikuwapo jikoni kilipopikwa. Kila jibu hupewa alama, kuanzia 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 40. Anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake una hatari, au umekwisha kumdhuru.

Swali la pili ndilo linalomkwamisha mwanafunzi. Siku unapokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? Mzee anayeulizwa amerudi kutoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, vidole bado vina weusi wa utomvu. Anajibu, "Glasi moja tu, mwanangu." Mwanafunzi anaandika moja. Kwa hesabu ya karatasi ile, mzee hana tatizo.

Mzee hakudanganya. Karatasi ndiyo iliyouliza vibaya. AUDIT inapotaja kinywaji kimoja, inamaanisha kiasi chenye takriban gramu 10 za alkoholi. Watafiti waliopima pombe za kienyeji magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta busaa ina wastani wa alkoholi wa asilimia 4, na chang'aa asilimia 34. Sasa tupige hesabu. Glasi ya mililita 250 ya chang'aa ya namna hiyo ina mililita 85 za alkoholi tupu, yaani gramu 67 hivi. Glasi moja ya mzee wetu ni karibu vinywaji 7 vya karatasi. Nusu lita ya busaa, ambayo machoni inaonekana nyingi zaidi, haifiki hata vinywaji viwili.

Na hapo tumechukulia kwamba glasi ipo. Wazee wa Kipsigis walikunywa pombe yao ya maiyek wakiwa wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Nani angehesabu? Kwa mama pima, muuzaji wa pombe ya kienyeji, nako kikombe hupita mkono hadi mkono, kinajazwa kabla hakijaisha, na rafiki mwenye pesa huwanunulia wenzake. Ujazo hupotea katika ukarimu. Lakini kuna kitu ambacho mnywaji hakisahau, na mkewe hakisahau kabisa: pesa. Watafiti wale walifikia uamuzi kwamba bei hupima unywaji vizuri kuliko ujazo. Badala ya kuuliza glasi ngapi, uliza: jana ulitumia shilingi ngapi, na wewe ulinunuliwa za shilingi ngapi? Ukiijua bei ya kipimo katika kijiji kile na ukali wa pombe ya pale, umepata gramu zako.

Mimi nalihesabu swali hilo kuwa miongoni mwa zawadi kubwa ambazo utafiti wa Kenya umezipa kazi za ustawi wa jamii. Halihitaji mashine wala maabara kila mara. Linahitaji mtu aliyekaa na watu akasikiliza wanavyohesabu mambo yao.

Swali la sita nalo lina mlango wake wa kienyeji. Linataka kujua ni mara ngapi katika mwaka uliopita mtu amehitaji pombe asubuhi ili aweze kuamka sawasawa baada ya kunywa sana. Ukilisoma kwa Kiswahili cha kitabuni, utatazamwa tu. Uliza kama huwa anatoa loki asubuhi, na jibu linakuja papo hapo, mara nyingine na kicheko. Kicheko hicho mwanafunzi afunzwe kukichukulia kwa uzito mkubwa. Mtu anayetoa loki kila siku mwili wake umeshaizoea pombe, na akiikata ghafla anaweza kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Ndiyo maana desturi ya familia kumfungia mlevi chumbani "mpaka imtoke" inanitia hofu. Wanafanya hivyo kwa upendo, baada ya kuchoka, na hakuna aliyewaambia hatari yake. Mtu kama huyo apelekwe hospitali kwanza, Kaplong, Kapkatet au Longisa, apate dawa za kumtuliza na vitamini B1, ndipo ushauri nasaha uanze.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni woga. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya zamani ya chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa viwango na kuuzwa katika chupa za kioo. Chang'aa ya kijijini haijawahi kuingia katika chupa hizo. Imebaki kinyume cha sheria, na msako wa chifu na polisi uko pale pale. Kijana mgeni mwenye kalamu na daftari, anayeuliza nani anakunywa wapi, anafanana mno na mtu wa serikali. Kwa sababu hiyo somo la kutunza siri huja mapema katika mafunzo, na linafaa kurudiwa nyanjani: jina la mama pima haliandikwi popote. Mara nyingi mama huyo ni mjane au mke aliyeachiwa watoto, na pipa lake la pombe ndilo karo. Anayetaka kupunguza ulevi kijijini bila kumtafutia mama huyo njia nyingine ya kula atakuwa amehamisha pipa tu, kutoka boma hili kwenda la jirani.

Je, kazi hii inahitaji daktari wa akili? Tungengoja sana. Huko Eldoret, kwa jamaa zetu Wanandi na majirani zao, mpango wa afya wa AMPATH ulilijaribu swali hilo. Watu 614 waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi na kunywa kwa kiwango cha hatari waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa kubadili fikra na tabia zinazomvuta mtu kwenye pombe. Jingine lilipata elimu ya afya kwa jumla. Vikao vilikuwa 6, kimoja kila wiki, dakika 90, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walioviongoza hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida, waliofundishwa kwa makini na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kundi la kwanza lilipunguza unywaji kuliko la pili, na tofauti ilifuatiliwa kwa miezi 9.

Tazama jinsi walivyotenganisha wanaume na wanawake. Sotik hilo lina maana zaidi ya ratiba. Binti wa miaka 22 hawezi kumkabili mzee wa rika la baba yake na kumwuliza kama amewahi kulala mtaroni. Mwalimu mzuri humfundisha kuanza kwa heshima, kusema "Chamgei", kungoja, kuuliza habari za ng'ombe na za majani. Kisha atumie mbinu ambayo Mmarekani William Miller aliiandikia mara ya kwanza mwaka 1983: kumwacha mnywaji mwenyewe ataje sababu zake za kubadilika, huku mshauri akiacha kuhubiri. Wazee wetu wanaokaa baraza la ukoo hawangeona jambo geni hapo. Mtu huambiwa aeleze mwenyewe, na wengine wananyamaza mpaka amalize.

Basi turudi kwa mzee wetu. Ameulizwa upya, kwa shilingi, na ikaonekana kwamba pesa za majani za mwezi zikiingia, zaidi ya nusu huishia kwa mama pima katika juma la kwanza. Kubwa kuliko hilo ni Oktoba, malipo ya pili ya mwaka yanapotoka, ile bonasi ambayo mkulima wa chai husubiri kuliko sikukuu. Mwezi huo maduka ya Sotik hujaa, na wengi waliokuwa wameacha pombe huirudia. Kwa hiyo mwanafunzi anakaa na mzee na mkewe, Julai, miezi mitatu kabla, na wanaandika pamoja: kiasi gani kitakwenda shuleni moja kwa moja, kiasi gani kwa mbolea, nani atafuatana na mzee benki, na watarudi kwa njia ipi, maana ile ya chini inapita mlangoni kwa mama pima. Mke anaomba nambari ya simu ya mwanafunzi. Mzee anaomba apigiwe yeye, jioni ya siku ile ile.