Vitamini C ya kwenye boksi: ipo kweli, au ni maandishi tu?

Leo tuongelee kinywaji. Usianze kumeza mate, si kile cha baa. Nazungumzia juisi ya boksi.

Hapa kwetu Buzuruga, ukienda kumjulia hali mgonjwa au mama aliyejifungua, thubutu kubeba mapera uone! Utaitwa mshamba. Wajanja wanabeba boksi la juisi, na ukiuliza kulikoni unajibiwa, "Ina vitamini C, si imeandikwa hapo?"

Kuandikwa imeandikwa. Juzi niliingia duka moja jirani na stendi nikaanza kugeuza maboksi, moja baada ya jingine, mpaka muuzaji akauliza, "Kaka, unanunua au unasoma gazeti?" Mbele kuna picha ya chungwa linalodondosha maji, na maneno "vitamini C" kwa herufi nene. Nyuma, kwa herufi za sisimizi: maji, sukari, halafu tunda kidogo. Boksi moja halikutaja hata miligramu ngapi!

Swali langu ni dogo tu: nani amepima?

Nauliza kwa sababu yalishatokea kwa wenzetu. Mwaka 2004 huko Auckland, New Zealand, wasichana wawili wa sekondari ya Pakuranga, wenye umri wa miaka 14, walipima vitamini C kwenye vinywaji kwa ajili ya kazi ya sayansi ya shule. Walitegemea Ribena, kinywaji chenye jina kubwa, kiviache mbali vile vya bei nafuu. Wapi! Kimoja cha bei nafuu kiliizidi Ribena karibu mara nne.

Wakaiuliza kampuni, GlaxoSmithKline, wasipate jibu la maana. Wakapeleka habari kwenye televisheni, na Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikaingia kazini. Lebo ilidai miligramu 7 katika kila mililita 100. Tume ilipopima Ribena ya kunywa moja kwa moja, haikuona vitamini C yoyote ya kupimika. Machi 2007 kampuni ilikiri makosa 15 mahakamani na kutozwa faini ya zaidi ya dola 200,000 za huko. Watoto wa shule, bwana!

Kampuni ilisema kasoro hiyo ilihusu vinywaji vya New Zealand na Australia tu, kwa hiyo sisemi boksi lako la Mwanza ni la uongo. Ninachosema ni kwamba bila kipimo, wewe na mimi hatuwezi kujua.

Tena vitamini C ni kama mgeni mwenye haraka, haikawii kuondoka. Moto unaiharibu, mwanga unaiharibu, hewa inaiharibu, na muda nao unaimaliza taratibu. Kiwandani inaweza kuwekwa ya kutosha kabisa (na hiyo ya kuongezwa haina ubaya, mwili unaitumia kama ya tunda). Lakini chupa ya plastiki inayopigwa jua mezani kutwa nzima, wiki nenda wiki rudi, haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Lebo yenyewe haibadiliki.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Hata lebo ile ya Ribena ingekuwa ya kweli tupu, boksi la mililita 250 lingekupa miligramu 17 na nusu. Gramu 100 za pera zina zaidi ya 200! Chungwa, uzito huohuo, lina kama 50. Mama anayefunga safari na hela yake ya mwisho kumnunulia mwanawe juisi "apate nguvu" amepishana na vitamini pale kwenye beseni la mapera, barabarani.

Wahusika nao nawapigia hodi. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitoka TFDA ikaenda TBS, na TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Wakubwa, shikamooni. Naomba mchukue maboksi dukani, si getini kwa kiwanda, myapime, halafu mtutangazie majibu kwa majina. Mwenye lebo ya kweli atauza zaidi, na mwenye longolongo tutamjua.

Walimu wa kemia nanyi mnaweza kuwaonyesha vijana. Ayodini ikitiwa kwenye maji ya wanga hugeuka bluu nzito, na vitamini C huifuta rangi hiyo. Kuna vihifadhi vinavyofuta pia, kwa hiyo si ushahidi wa kumfikisha mtu mahakamani, lakini unatosha kuamsha swali.

Juisi ya boksi kunywa kwa utamu wake, sikukatazi. Ila ukija kunijulia hali, baba, mama, niletee mapera. Tukijaliwa, wiki ijayo.