Kidole cha Mtoto Kinywani

Miongoni mwa mambo madogo yaletayo ugomvi mkubwa majumbani mwetu ni kidole cha mtoto. Mama ataka kukitoa kinywani, mtoto hataki, bibi ashauri pilipili, baba aagiza fimbo, na jirani aliyekuja kuazima kinu hucheka akisema, "Mkubwa huyu, na bado anyonya!" Wazazi wa Kibondo na Kasulu walijua jambo hili kama walijuavyo wenzao wa Ujiji na wa pwani. Basi twapenda leo kulieleza kwa taratibu: asili yake, madhara yake, na njia ya upole ya kumsaidia mtoto aache.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa kunyonya si tabia mbaya aliyofundishwa mtoto na mtu. Ni jambo aliloumbwa nalo. Siku hizi waganga wa hospitali wanacho chombo cha kuonyesha picha ya mtoto aliye tumboni, nao wamewaona watoto wakinyonya kidole gumba kabla hawajazaliwa. Lau si maumbile hayo, mtoto asingejua kulishika ziwa la mama yake siku ya kwanza. Akiisha kukua kidogo, kunyonya humpa utulivu hata pasipo njaa. Hutia kidole kinywani akiwa na usingizi, akichoka, akiogopa, au akimkosa amzoeaye.

Na katika nchi yetu ya Buha sababu za kumkosa amzoeaye si chache. Sisi ni watu wa jembe. Mvua zikianza, mama huondoka alfajiri kwenda kupanda mahindi na maharage, na mtoto hubaki na dada yake au bibi yake. Wako pia watoto waliofika kwetu kwa kukimbia vita, kama wale wa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Mtoto wa namna hiyo akiwa na kidole kinywani, asiulizwe kwa ukali. Huenda hicho ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao.

Ama juu ya umri, watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1 au 2 aachwe na kidole chake. Asiyestahili kuachwa bila msaada ni yule aliyepita miaka 4 naye angali ananyonya kwa nguvu, mchana na usiku. Madhara yake ni matatu.

La kwanza ni meno. Kidole husukuma meno ya juu ya mbele yakatokeza nje, na meno ya chini yakarudi ndani. Hata mtoto akiuma, meno ya mbele hayakutani, na kaakaa hubanika likawa jembamba. Meno ya utu uzima huanza kuota kwenye miaka 6. Mtoto akiacha kabla ya hapo, mara nyingi meno hujirekebisha yenyewe. La pili ni kidole chenyewe: ngozi hulowa, hupasuka, huota sugu, na pengine pembeni mwa ukucha hutunga usaha. La tatu ni minyoo. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, na udongo wenye unyevu huyahifadhi muda mrefu. Mtoto achezaye uani kisha akatia kidole kinywani huyameza bila kujua.

Wala hatusemi haya kama watu wasiokosea. Nyumbani kwetu alikuwako binti wa miaka 5 aliyenyonya kidole gumba cha mkono wa kulia. Tulimkemea, tukamtania mbele ya wageni, na mwisho tukampaka pilipili alipolala. Usiku ule alijifikicha macho. Tukakesha tukimwosha kwa maji, naye akilia kwa sauti ambayo hatujaisahau. Asubuhi tulimkuta amejifunika blanketi, ananyonya kidole cha mkono wa kushoto. Hapo tukajua ya kuwa hatukumfundisha kuacha, tulimfundisha kutuficha.

Bibi yake alipopata habari alikuja, akakaa, akamwuliza mama swali moja tu: "Mwanangu, alizidi lini kunyonya?" Tukahesabu miezi, tukaona kuwa alizidi tangu siku alipozaliwa mdogo wake akahamishwa kitandani kwa mama. Sote tulikuwa tukipigana na kidole, na hakuna aliyemtazama mtoto.

Tukaanza upya. Kila siku baada ya sala ya Magharibi, mama alimpa mchanga kwa dada mtu, akakaa na binti yule peke yake akimsimulia hadithi. Mchana tulimpa mikono yake kazi aipendayo: kuchagua maharage kwenye ungo, kumenya karanga, kufinyanga vyungu vya udongo. Tukapatana naye alama ya siri: akionekana ananyonya, mama agusa sikio lake mwenyewe, asiseme neno mbele ya watu. Usiku alivaa soksi mkononi, soksi aliyoichagua yeye. Na kila alipoamka mkavu wa kidole, alichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango, tukampongeza. Mistari saba ilipotimia alipata alichoomba: kwenda sokoni na baba yake, wao wawili tu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alipopatwa na homa alirudia kunyonya usiku tatu, nasi tukanyamaza. Alipopona akaurudia mstari wake mwenyewe. Katika mwezi wa tatu mlango ulijaa mistari, na kidole kikasahauliwa.

Tukikumbuka, twaona kuwa njia hii tulikuwa nayo katika dini yetu tangu zamani. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa na Bwana Mtume (S.A.W.), alisimulia ya kuwa alipokuwa mtoto mkono wake ulitembea huku na huku katika sahani. Bwana Mtume hakuupiga mkono ule wala hakumwaibisha. Alimfundisha kumtaja Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula cha karibu naye. Umar akasema kuwa tangu hapo ndivyo alivyokula. Mkono wa mtoto ulinyooka kwa maneno machache ya upole, ukadumu hivyo maisha yake yote.

Vile vile Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na ikaruhusu kuachisha kabla ya hapo baba na mama wakiridhiana na kushauriana. Basi ikiwa kuachisha ziwa kwataka mashauri, na kidole nacho chataka mashauri. Baba asiamrue peke yake, wala mama asiachiwe mzigo peke yake. Na mtoto anapoachishwa ziwa, asinyang'anywe kidole wakati huo huo. Faraja mbili haziondolewi siku moja.

Tungependa pia kuonya. Msimfunge mtoto mikono, msimchome, msimpake pilipili, wala msimwite majina ya kumdhalilisha. Kitu kichungu kama shubiri huenda kikamkumbusha mtoto mkubwa aliyekubali mwenyewe kukumbushwa. Kwa asiyekubali huwa ni adhabu tu. Mikono yake ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, na baada ya choo na mchezo, na kucha zikatwe. Na akifikia miaka 5 au 6 bila kuacha, au meno yakianza kutokeza, apelekwe kwa mganga wa meno katika hospitali ya wilaya, wala msingoje aibu ya shuleni imfundishe.

Ndugu wazazi, watoto ni amana. Mtoto akitia kidole kinywani, ulizeni kwanza amekosa nini, kisha mpeni. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe subira katika malezi, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.