Kwa Nini Pepopunda Haifutiki Duniani

Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Miaka mitatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ugonjwa huo umetokomezwa. Pepopunda nayo ina chanjo madhubuti tangu miaka ya 1920. Mbona bado ipo?

Jibu limo ardhini. Virusi vya ndui viliishi ndani ya binadamu tu. Vilipokosa wa kumwambukiza, vikaisha. Bakteria wa pepopunda hawamtegemei binadamu. Makazi yao ni udongo na matumbo ya wanyama kama farasi, ng'ombe na kondoo, na kinyesi huwarudisha shambani. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda, wakawa spora: hawakui wala hawazaliani, lakini hawafi. Spora hustahimili ukame, dawa nyingi za kuua vijidudu, hata kuchemshwa kwa dakika chache. Ndiyo maana hospitali hutakasa vifaa vya upasuaji kwa mvuke wenye shinikizo, wa nyuzi joto 121.

Spora ikizama kwenye kidonda kirefu kisichopitisha hewa, huzinduka. Watu hulaumu kutu ya msumari, kumbe kutu haina kosa; hatari ni tundu refu na uchafu ulioingia nao. Bakteria hutoa sumu inayopanda kwa njia ya neva hadi kwenye uti wa mgongo, ikazuia ishara zinazoiamuru misuli ilegee. Taya hukaza kwanza, kisha shingo, kisha mgongo hupinda. Mgonjwa hapotezi fahamu. Mlango ukibamizwa tu, mwili mzima hukakamaa. Kwa mtoto mchanga, spora huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi.

Hapa ndipo pepopunda inapotofautiana na surua. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, hivyo hata kijiji kizima kikichanjwa, asiyechanjwa hapati kinga kwa mgongo wa majirani. Hata aliyeugua akapona hana kinga, kwa sababu sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili ujilinde.

Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imedhibiti pepopunda ya mama na mtoto mchanga, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Huo ni ushindi wa kulindwa kila mwaka, kwani spora hazijaondoka. Mjamzito asikose chanjo yake kliniki, maana humkinga yeye na mwanawe. Mtoto apate dozi za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nawe ukichomwa na kitu shambani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulize kama chanjo yako bado ina nguvu.